Mkono wa Tatu wa Mpiga Kinanda

Mpiga kinanda ana shughuli nyingi kuliko anavyoonekana. Mkono wa kulia hubeba sauti ya wimbo, wa kushoto hushika sauti zinazoupamba, na katika vinanda vikubwa vya umeme vilivyoenea Marekani na Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, miguu nayo haikupumzika: mmoja ulikanyaga vibao vya besi, mwingine uliongeza na kupunguza sauti. Kiungo cha kupigia ngoma hakikubaki. Kutokana na upungufu huo ndipo ilipokua mashine ya ngoma, na ndiyo maana historia yake, kwa miaka mingi ya mwanzo, ni ya wapiga kinanda zaidi kuliko ya wapiga ngoma.

Swali analouliza mpiga kinanda anapokwenda dukani huwa moja: ipi iliyo rahisi kutumia? Mafundi wa studio hulidharau swali hilo, wakaliona la mvivu au la mwanagenzi. Historia hailidharau. Yaonesha kwamba neno "rahisi" lina maana mbili zinazokaa nyumba moja bila ya kuelewana. Uko urahisi unaomwachia mchezaji mikono yake, na uko urahisi unaomchagulia wimbo wake. Aliyeujua wa kwanza amefaidika. Aliyeupokea wa pili bila ya kuujua amepoteza kitu, mara nyingi bila ya kutambua.

Mashine ya mwanzo kabisa haikuwa rahisi kwa maana yoyote. Mwaka 1931 mvumbuzi wa Kirusi Léon Theremin alimtengenezea mtunzi wa Kimarekani Henry Cowell chombo kilichoitwa Rhythmicon. Kilichezwa kwa vibao kama vya kinanda, na kila kibao kilitoa mapigo yenye mgawanyo wake wa wakati. Cowell alitaka kusikia midundo ambayo mikono ya binadamu haiwezi kuipiga kwa pamoja, akaisikia. Lakini chombo kilikuwa cha maonyesho na majaribio, wala hakikuingia majumbani.

Kilichoingia majumbani na katika kumbi za starehe ni Side Man, iliyotolewa na kampuni ya Wurlitzer ya Marekani mwaka 1959. Ilikuwa kabati la mbao lenye spika yake, na ndani yake sahani iliyozunguka kwa mota. Juu ya sahani hiyo palikuwa na vipande vya chuma vilivyogusana na waya kila vilipopita, na kila mguso uliamsha vali iliyotoa sauti ya ngoma au ya matoazi. Sahani ikizunguka upesi, mwendo huongezeka. Ikizunguka polepole, hupungua. Midundo ilikuwa 12, ya dansi za wakati ule. Mpiga kinanda alichagua mmoja, akarekebisha mwendo, akaanza. Jina lenyewe lilimaanisha mwenzi wa pembeni, yule mwanamuziki asiyekuwa kiongozi. Kabati lilikuwa limepewa cheo cha mtu.

Safari ya mashine hiyo hadi Japani ndiyo iliyoleta mabadiliko. Katika klabu moja ya usiku mjini Tokyo, mpiga akodiani Tadashi Osanai alikuwa akitumbuiza huku akisindikizwa na Side Man. Hakuridhika nayo. Aliamini kwamba angeweza kuunda iliyo bora, na mwenye klabu, Tsutomu Katoh, akakubali kumgharimia. Mwaka 1963 ikatoka Donca-Matic DA-20, na kampuni waliyoianzisha ndiyo ambayo baadaye ilijulikana duniani kwa jina la Korg. Inafaa kukumbuka kwamba malalamiko yaliyozaa kampuni hiyo yalitoka kwa mtu aliyekuwa na vibao mkononi na mvukuto kifuani. Hakuwa na mkono wa ziada wa kuhangaikia mashine mbovu.

Mjapani mwingine, Ikutaro Kakehashi, alikuwa fundi wa saa na redio kabla ya kuingia katika ala za muziki. Mwaka 1964 alipeleka Marekani mashine yake ya kwanza ya ngoma, Rhythm Ace R-1, ambayo haikuwa na mdundo wa kujiendesha. Kila pigo lilitaka kidole. Wapiga kinanda hawakuwa na kidole cha kutoa, na mashine haikupata soko. Kakehashi akajifunza. Mwaka 1967 akaja na FR-1, iliyokuwa na midundo 16 iliyokwisha kupangwa. Vitufe viwili vikibonyezwa pamoja, midundo miwili ilichanganyika ikawa wa tatu. Na kama mchezaji alitaka kunyamazisha matoazi au kengele, palikuwa na vitufe vya kufanya hivyo. Kampuni ya Hammond, yenye jina kubwa katika vinanda vya umeme, ikaichukua iwe sehemu ya ala zake. Kuanzia hapo mashine ya ngoma ikawa kitu cha kawaida pembeni mwa vibao, kama kijiti cha mwandishi pembeni mwa wino.

Thamani ya urahisi huo ilidhihirika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 Sly Stone, mpiga kinanda na kiongozi wa kundi mashuhuri la Marekani, aliondokewa na mpiga ngoma wake, Greg Errico. Katika albamu ya *There's a Riot Goin' On* ya mwaka huohuo akaitegemea sana mashine ndogo iliyoitwa Rhythm King, na wimbo wa "Family Affair" ukafika nafasi ya kwanza nchini mwake. Kiti kilichoachwa na mtu kikakaliwa na kisanduku, na wasikilizaji wakakubali. Hapo mashine iliacha kuwa kitu cha kumburudisha mzee sebuleni.

Mwaka uliofuata Timmy Thomas alirekodi mjini Miami wimbo wa "Why Can't We Live Together". Ndani yake mna sauti yake, kinanda chake, na mdundo wa mashine. Gitaa halimo, fidla hazimo, wapulizaji hawamo. Vita vya Vietnam vilikuwa bado vinaendelea, na wimbo unauliza kwa nini watu wasiishi pamoja kwa amani. Ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa Wamarekani weusi mwaka 1973, ukauzwa zaidi ya nakala milioni moja, na mwaka 2015 msanii Drake akautumia mdundo na kinanda chake katika wimbo wake wa "Hotline Bling". Mashine ya Thomas haikujua kupamba. Ilirudia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kwa kuwa haikumdai chochote, mikono yake yote miwili ilikuwa huru kwenda na maneno, na unyonge wa mdundo ukawa ndio uwanja wa swali lile zito. Huo ndio urahisi wa aina ya kwanza.

Mwisho wa miaka ya 1970 mashine zikaanza kukumbuka. Kakehashi, aliyekuwa ameanzisha kampuni ya Roland mwaka 1972, alitoa CR-78 mwaka 1978. Ilikuwa na maikroprosesa, na mchezaji aliweza kuhifadhi humo midundo michache aliyoitunga mwenyewe. Mwaka 1980 zikatoka mashine mbili zilizofuata njia tofauti. LM-1 ya Roger Linn ilitumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kwa dijitali, na bei yake ilikaribia dola 5,000 za Kimarekani. TR-808 ya Roland iliziunda sauti zake kwa umeme, na iliuzwa kwa dola 1,195. Wengi walisema sauti zake hazifanani na ngoma yoyote, na mwaka 1983 utengenezaji wake ukasimamishwa. Lakini kabla ya hapo Marvin Gaye, akiwa Ubelgiji mbali na kwao, alikwishaitumia katika "Sexual Healing" ya mwaka 1982. Na vijana wa mijini wakazinunua zilizotumika kwa bei ndogo na kujenga juu yake muziki wa hip hop.

Mpenzi wa mashairi akiitazama TR-808 kwa makini ataona jambo analolijua. Mbele yake zimepangwa hatua 16, kila hatua na kitufe chake, zimegawanywa kwa rangi nne. Mchezaji hubonyeza hatua anazotaka zipigwe, na zilizobaki huwa kimya. Mshororo wa shairi letu la kawaida nao una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Namba 16 hugawika nusu kwa nusu bila ya bakaa, nayo huwafaa wote wanaopima wakati. Hata hivyo somo ni lilelile. Malenga huchagua bahari kabla ya kuchagua maneno, na bahari ikishamkaa kifuani hahesabu tena kwa vidole. Mpiga kinanda naye, mdundo ukishakuwa wake, husahau kuwa upo. Kipimo kilichotungwa au kuchaguliwa kwa hiari humpa mtu uhuru.

Mwaka 1983 ulileta MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya umeme, iliyotokana hasa na juhudi za Kakehashi na Mmarekani Dave Smith. Kwa waya mmoja, kinanda cha kampuni moja na mashine ya ngoma ya kampuni nyingine viliweza kuanza pamoja na kusimama pamoja. Mwaka 2013 wawili hao walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Kwa mpiga kinanda, faida yake ilikuwa kubwa kuliko sauti yoyote mpya, kwani mwendo wa wimbo ulikuwa na bwana mmoja.

Wakati huohuo mashine ilikuwa ikihamia ndani ya kinanda chenyewe. Casio MT-40 ya mwaka 1981 ilikuwa kinanda kidogo cha nyumbani chenye midundo yake na besi za kuifuata. Mmoja wa midundo hiyo, ulioandaliwa na mfanyakazi kijana wa kampuni hiyo, Hiroko Okuda, ndio uliokuwa msingi wa wimbo wa Wayne Smith, "Under Mi Sleng Teng", uliotolewa Jamaika mwaka 1985 na kuubadilisha muziki wa reggae. Wajamaika waliupunguza mwendo wake, wakauvika lugha yao. Waliupokea urahisi wa kiwandani, lakini hawakuupokea kama ulivyo.

Mfano huo unagusa pwani yetu. Taarab ya Unguja ilikulia katika makundi makubwa. Ikhwani Safaa lilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958, na nyuma ya fidla, ganuni na akodiani walikaa wapiga dumbak, rika na bongo. Bolero na rumba, majina yaleyale yaliyoandikwa kwenye vitufe vya mashine za mwanzo, yalikwisha kuingia katika taarab kwa njia ya santuri, na wapigaji waliyapa mkono wa nyumbani. Miaka ya 1990 ilipovuma taarab ya kisasa, East African Melody likiwa miongoni mwa makundi yaliyotajwa sana, kinanda cha umeme kilipewa kiti cha mbele. Kilibeba kazi ya fidla, na midundo iliyomo ndani yake ikabeba sehemu ya kazi ya ngoma. Kundi dogo husafiri kwa gari moja na hugawana malipo kwa watu wachache. Hoja hiyo haina jibu jepesi. Lakini kila kitufe kilichobonyezwa kilimwacha mtu nje ya jukwaa. Hofu hiyo haikuwa ya pwani peke yake. Mwaka 1982 tawi la London la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka mashine hizo zizuiwe. Azimio halikuzizuia.

Basi achaguaye leo na achague kwa kuijua historia hii. Atazame kwanza kama mashine inaanza na kusimama kwa swichi ya mguu, maana mikono ina kazi yake. Atazame kama mwendo unabadilishwa kwa kifundo kimoja kilicho wazi, na kama pambo la kuvukia kutoka ubeti hadi kiitikio hupatikana kwa mguso mmoja. Atazame kama ina MIDI ya kuungana na kinanda alichonacho. Wingi wa midundo usimtie tamaa: Timmy Thomas alihitaji mmoja.

Kisha aulize swali ambalo muuzaji hatalitaja. Midundo mingi ya kiwandani hutembea kwa nne nne, na hatua 16 huipenda nne. Chakacha hutembea kwa hesabu ya sita, na humtaka mpangaji hatua 12. Mashine zinazokubali hatua 12 zipo tangu zamani, na TR-808 yenyewe ilikuwa na swichi ya kubadilisha mgawanyo huo. Lakini mdundo wa chakacha haupatikani kwa kubonyeza kitufe kilichoandikwa rumba. Lazima mtu akae, asikilize mkono wa mpiga dumbak aliye hai, na aupange pigo kwa pigo. Kazi hiyo huchukua jioni moja tu. Ikiisha, mashine itakuwa rahisi kama zile nyingine zote, na itakuwa imefundishwa na mtu wa hapa.