Kukimbia Si Kujua

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sheria nayo ni mlezi, ingawa wengi wetu tumezoea kuiona kama askari tu. Katika kurasa hizi nataka kumweleza msomaji jinsi pikipiki moja, ambayo hata haikufika kuibiwa, ilivyobadili namna Uingereza inavyowashtaki watoto wake, na jinsi sisi Wakenya, tuliorithi sheria kutoka huko huko, tulivyoshika njia nyingine.

Kwa karne nyingi sheria ya Kiingereza iliugawa utoto mafungu. Mtoto mdogo kabisa hakushtakiwa. Aliyetimiza miaka 14 alihesabiwa kuwa na akili ya kujijibia. Waliokuwa katikati walichukuliwa kuwa hawajui uovu, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba mtoto alijua kitendo chake ni kiovu hasa, wala si utundu tu. Umri wa kuanzia kushtakiwa ulikuwa miaka 7. Mwaka 1933 ukapandishwa hadi 8, na mwaka 1963 hadi 10.

Gari lilipokuja lilileta matatizo yake. Kwa sheria ile, kuiba ni kuchukua mali kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Kijana aliyechukua gari, akalizungusha mjini na kuliacha kando ya njia, aliweza kudai kwamba hakuiba, aliazima tu. Ndipo mwaka 1930 Bunge likatunga kosa jipya la kuchukua gari bila idhini ya mwenyewe.

Miaka sitini baadaye jambo hilo lilipamba moto. Mnamo Septemba 1991 kulizuka ghasia katika mtaa wa Blackbird Leys, mjini Oxford, ambako vijana walikuwa wakifanya michezo ya kasi kwa magari ya wizi mbele ya watazamaji. Mwezi huo huo mtaa wa Meadow Well, kaskazini mwa nchi, uliwaka baada ya vijana wawili kufa ndani ya gari la wizi walipokuwa wakifukuzwa na polisi. Wananchi walichoka, na haki yao kuchoka. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kuongeza adhabu kwa anayechukua gari na kuliendesha kwa hatari au kusababisha madhara: kifungo cha hadi miaka 2, na hadi 5 ikiwa mtu amekufa. Mwaka 1993 ikafuata sheria ya dhamana. Waendesha mashtaka walipewa ruhusa ya kupinga dhamana iliyotolewa na hakimu, kwa makosa yenye kifungo cha miaka 5 au zaidi. Lakini kosa la kuchukua gari lilitajwa kwa jina lake, ijapokuwa kifungo chake hakikufikia kipimo hicho.

Katika hali hiyo ndipo kesi ya pikipiki ilipoingia. Mwezi Juni 1992, mjini Liverpool, polisi waliwakuta wavulana wawili penye pikipiki, mmoja wao akiivunja kufuli ya mnyororo kwa mtaimbo. Walitimua mbio. Mmoja, mwenye umri wa miaka 12, akakamatwa. Mahakama ilimtia hatiani: alikimbia, basi alijua. Rufani ya kwanza ilishindwa mwaka 1994, na majaji wakasema kwamba dhana ile ya kale imepitwa na wakati. Mwaka 1995 Baraza la Malodi likatengua uamuzi huo. Lilisema kwamba jambo kubwa kama hilo ni la Bunge kubadili, si la majaji. Tena kukimbia peke yake hakuthibitishi kwamba mtoto amejua uovu. Bunge nalo halikukawia. Sheria ya mwaka 1998 iliifuta dhana hiyo. Tangu hapo, mtoto wa Kiingereza aliyetimiza miaka 10 hushtakiwa bila mtu kulazimika kuthibitisha kwamba aliujua uovu wa alilolitenda.

Nimekuwa mwalimu mkuu, kisha mkufunzi katika chuo cha ualimu, na suala hili la kukimbia nalijua kwa macho. Mvulana wa darasa la sita aliwahi kuichukua pikipiki ya mwalimu mmoja, akaiendesha mpaka mtoni na kuiangusha. Aliponiona alitoweka kama swala. Jioni nilimuuliza kwa nini alikimbia. Akanijibu, "Mwalimu, niliogopa fimbo." Nikamuuliza kama alifikiri juu ya mwenye pikipiki. Alinitazama kwa mshangao. Huyo hakuwamo kabisa katika mawazo yake. Wazazi wengine walitaka apelekwe polisi. Mimi nilimkalisha mbele ya mwenye mali, akasikia bei ya vipuri na mshahara wa mwalimu, na baba yake akalipa kwa mafungu. Sidai kwamba kila mtoto hutengenea hivyo. Nasema tu kwamba hofu ya fimbo na ujuzi wa uovu ni vitu viwili.

Kwetu Kenya, Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 ilitoka katika mkoba ule ule wa Kiingereza. Kwa miaka mingi mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa, na dhana ya kutojua uovu ilikoma akifika 12. Kwa upande wa dhamana tulikuwa wakali kupita hao waliotufundisha: marekebisho ya katiba ya mwaka 1987 yaliwanyima dhamana washtakiwa wa makosa ya kunyongwa, pamoja na unyang'anyi wa kutumia nguvu, ambao ndio uliowakabili waliopora magari kwa bunduki. Katiba ya mwaka 2010 ikairudisha haki hiyo, isipokuwa pakiwa na sababu nzito. Kisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikaamua kwamba aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi, na wa kati ya 12 na 14 huchukuliwa kuwa hajui, mpaka ithibitishwe vingine. Yule mvulana wa Liverpool angepata kwetu kinga ambayo kwao imeondolewa.

Hata hivyo tusijisifu upesi. Leo pikipiki ni shamba la kijana wa bodaboda. Ikiibwa, nyumba nzima hulala njaa. Mwenye mali hatatulizwa kwa kuambiwa umri wa mwizi. Anastahili fidia na mtoto anastahili kufundishwa, na yote mawili yahitaji watu. Sheria yetu imeacha swali wazi kwa mtoto wa miaka 12 na 13: je, alijua? Hakimu hawezi kulijibu kwa kumtazama usoni. Atahitaji ushahidi wa wanaomjua, na mara nyingi huyo atakuwa mwalimu wake. Basi ewe mwalimu kijana unayesoma haya, wajue watoto wako mapema, kabla hujaitwa mahakamani kuwasemea.