Asilimia 98 ya Nini? Nyota za Wateja na Ununuzi wa Vitambuzi vya Maandishi ya Akili Mnemba

Mwezi Aprili 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC) ilitangaza hatua dhidi ya Workado, kampuni iliyokuwa ikiuza mtandaoni programu ya kutambua kama maandishi yametungwa na binadamu au na akili mnemba. Tangazo la bidhaa lilidai usahihi wa asilimia 98. Kwa mujibu wa tume, upimaji huru uliofanywa kwa maandishi ya kawaida ulipata asilimia 53, kiasi ambacho mtu anayebahatisha tu angekikaribia. Agosti mwaka huohuo amri ikathibitishwa: kampuni isitoe tena madai ya namna hiyo bila ushahidi wa kuaminika, na iwaandikie wateja wake kuwaarifu.

Waliokisoma kisa hiki kama habari ya utapeli wamesoma nusu yake. Nusu yenye mafunzo zaidi ni chanzo cha tofauti kati ya tarakimu hizo mbili. Muuzaji alisema programu imefunzwa kwa maandishi ya aina nyingi, machapisho ya blogu na kurasa za Wikipedia zikiwemo. Tume inadai kwamba modeli iliyokuwa ndani yake iliandaliwa kwa ajili ya maandishi ya kitaaluma pekee. Yaani inawezekana kabisa kwamba asilimia 98 ilikuwa kweli mahali fulani, kwa sampuli fulani, siku fulani. Makala haya yanatetea dai moja: asilimia ya usahihi ni sifa ya sampuli iliyopimwa, na mnunuzi asiyeijua sampuli hiyo hajaambiwa lolote kuhusu bidhaa. Dai hili lina uzito wa pekee kwa vyuo vya Afrika Mashariki, ambako wahadhiri na kamati za taaluma wanazidi kushawishiwa kulipia vitambuzi vya aina hii.

Kwamba soko linaumia pale muuzaji anapojua mengi kuliko mnunuzi, halina ubishi tangu George Akerlof aandike kuhusu magari mabovu ya mitumba mwaka 1970. Ubishi uko kwenye tiba. Tiba inayopendekezwa sana kwa masoko ya mtandaoni ni maoni ya wateja: acha watu wanunue, watoe nyota, na bidhaa mbovu itazama yenyewe. Wanaoshikilia msimamo huu hupenda kumtaja Michael Luca, ambaye utafiti wake wa mwaka 2011 kuhusu mikahawa ya Seattle ulionyesha kuwa nyota moja zaidi kwenye mtandao wa maoni wa Yelp huongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Lakini matokeo hayo yanathibitisha kwamba watu huziamini nyota. Kama nyota zinastahili kuaminiwa ni swali jingine, na Luca mwenyewe, akiwa na Georgios Zervas, alionyesha baadaye kwamba takriban asilimia 16 ya maoni ya mikahawa kwenye mtandao huohuo yalichujwa kwa kutiliwa shaka.

Tuseme hata hivyo kwamba maoni yote ni ya kweli, yameandikwa na wateja halisi kwa nia njema. Bado kwa bidhaa tunayoijadili hayatusaidii, na hapa ndipo watetezi wa nyota wanapopuuza maandiko ambayo yamekuwepo kwa zaidi ya nusu karne. Phillip Nelson (1970) alitenganisha bidhaa ambazo ubora wake huonekana kabla ya kununua na zile ambazo ubora wake hujulikana kwa kuzitumia. Michael Darby na Edi Karni (1973) wakaongeza kundi la tatu: bidhaa ambazo mtumiaji hawezi kuujua ubora wake hata baada ya kuzitumia, kama matengenezo ya gari ambayo mwenye gari hana njia ya kujua kama yalihitajika. Chakula cha mkahawa kimo katika kundi la pili. Mlaji anajua kama ugali haukuiva. Kitambuzi cha maandishi kimo katika la tatu. Mhadhiri anabandika insha, anapata jibu kwamba asilimia 87 imeandikwa na mashine, anaridhika, anatoa nyota tano. Hajui na hatajua kama jibu lile lilikuwa sahihi, kwa sababu angelijua asingehitaji kitambuzi. Anayejua ni mwanafunzi, naye si mteja. Hakununua kitu, haulizwi maoni, na akilalamika anaonekana anajitetea. Soko linalokusanya ushuhuda wa mnunuzi na kumwacha nje mwenye kuumia haliwezi kujisahihisha, hata likikusanya nyota milioni.

Watetezi wanaweza kujibu kwamba kisa cha Workado kinawafaa wao: kama modeli iliandaliwa kwa maandishi ya kitaaluma, basi vyuoni itafanya kazi vizuri. Hoja hii inastahili nafasi kubwa, kwa kuwa ndiyo inayosikika kwenye vikao vya ununuzi. Maandishi ya kitaaluma ya nani? Weixin Liang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023, katika jarida la Patterns, jaribio rahisi lenye matokeo mazito. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, pamoja na insha 88 za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba. Insha za Wamarekani zilipita karibu bila tatizo. Za TOEFL zilihukumiwa kimakosa kwa wastani wa asilimia 61 hivi. Insha 89 kati ya 91 zilituhumiwa na angalau kitambuzi kimoja, na karibu moja kati ya tano zilituhumiwa na vyote saba kwa pamoja.

Sababu iko katika namna vitambuzi hivyo vilivyofanya kazi. Vilipima jinsi neno linalofuata linavyotabirika: maandishi yenye maneno ya kawaida na miundo iliyozoeleka yalionekana ya mashine, na yenye maneno adimu yakaonekana ya mtu. Anayeandika kwa lugha ya pili ana msamiati finyu zaidi, kwa hiyo anatabirika. Watafiti walipoiomba ChatGPT izipambe insha za TOEFL kwa msamiati mpana zaidi, tuhuma zilishuka hadi kama asilimia 12. Aliyeandika mwenyewe alituhumiwa, aliyesaidiwa na mashine akapita.

Sasa tazama ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza, iwe Dar es Salaam, Eldoret au Kampala. Sura ni tano na majina yake yanajulikana kabla hajachagua mada. Sura ya kwanza itasema kwamba utafiti huu ulilenga kuchunguza jambo fulani katika wilaya fulani, na kwamba uliongozwa na malengo mahususi matatu. Ya tatu itataja usampulishaji, hojaji na usaili. Ya tano itakuwa na muhtasari, hitimisho na mapendekezo kwa serikali, kwa jamii na kwa watafiti wengine. Mwanafunzi hakubuni kanuni hizo. Msimamizi wake alimrudishia rasimu mara kadhaa mpaka akazifuata, tena kwa kalamu nyekundu. Tumefundisha utabirikaji, tumeutunuku alama, na sasa tunataka kulipia chombo kinachouhesabu kuwa ushahidi wa udanganyifu. Sidai kwamba asilimia 61 itajirudia kwetu. Sampuli ya Liang ilikuwa ndogo, insha zake zilitoka kwenye mtandao wa elimu wa China, na bidhaa zimebadilika tangu hapo. Ila wauzaji waliojibu utafiti ule wamejibu kwa vipimo vyao wenyewe, na hivyo tunarudi palepale: sampuli ya nani?

Kwa maandishi ya Kiswahili giza ni zaidi. Kurasa za mauzo hukitaja Kiswahili ndani ya orodha ndefu ya lugha, na asilimia moja ya jumla husimama juu ya orodha nzima. Kuwemo kwenye orodha si kitu. Modeli ya Whisper ya OpenAI, inayogeuza sauti kuwa maandishi na iliyotolewa mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na katika hizo saa 117,000 zilihusu lugha nyingine 96 zote kwa pamoja, mbali na Kiingereza. Lugha inaweza kuwemo kwenye orodha kama hiyo huku ikiwa imepata sehemu ndogo tu ya mafunzo. OpenAI angalau ilichapisha mgawanyo huo.

Mnunuzi afanye nini? Apime kwa maandishi yake. ChatGPT ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Kila idara ina makabati ya insha, ripoti na karatasi za mitihani zilizoandikwa kabla ya hapo, na tuhuma yoyote ambayo kitambuzi kitaitoa dhidi yake ni ya uongo bila haja ya uchunguzi. Zichaguliwe zile ambazo hazijawahi kupandishwa kwenye hifadhi ya maktaba mtandaoni, kwani zilizopandishwa huenda zilishatumika kumfunza mtahiniwa wetu. Majina yafutwe kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hazikuandikwa kwa ajili ya benki pekee.

Idadi ni jambo ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia. Ukipewa majaribio ya bure ya insha 10 na zote zikapita salama, takwimu zinakuruhusu kusema tu, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba tuhuma za uongo hazizidi kama asilimia 26. Ili kuthibitisha kwamba hazizidi asilimia 1 unahitaji insha takriban 300 bila kosa hata moja. Kifurushi cha majaribio cha insha 10 kinamwonyesha mnunuzi rangi na vitufe vya programu, basi.

Na asilimia 1 yenyewe si ndogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilipozima kitambuzi cha Turnitin Agosti 2023, kilieleza kwamba mwaka uliotangulia kilipokea kazi 75,000, hivyo kwa kiwango kilichotajwa na muuzaji mwenyewe kazi kama 750 zingetuhumiwa bure. Chukua mfano wa kubuni wa chuo cha kwetu chenye kazi 4,000, ambazo 200 kati yake ziliandikwa na mashine. Kitambuzi kinanasa asilimia 80 ya hizo, yaani 160, na kinazituhumu kimakosa asilimia 4 ya nyingine 3,800, yaani 152. Karibu nusu ya watakaoitwa mbele ya kamati ya nidhamu hawana kosa, ingawa bidhaa ina haki ya kujitangaza kuwa na usahihi wa asilimia 95.

Husemwa kwamba jibu la kitambuzi ni mwanzo wa mazungumzo tu, kwamba hakuna anayefukuzwa kwa sababu yake. Sikubali. Mwanafunzi aliyeitwa tayari amebebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba kichwa chake kilifanya kazi, na hakuna risiti ya kufikiri.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania, Na. 10 ya mwaka 2023, inaweza kuwabana wazabuni wakubwa, lakini mhadhiri anayelipia usajili wa mwezi kwa kadi yake haguswi nayo. Kwa hiyo kanuni inapaswa kutoka kwenye seneti za vyuo, na iwe fupi: hakuna matokeo ya kitambuzi yatakayopokelewa kama ushahidi mpaka chombo hicho kiwe kimepimwa kwa insha zisizopungua 300 za chuo husika za kabla ya Novemba 2022, kwa kila lugha ya kufundishia, na matokeo yabandikwe pale wanafunzi wanapoyaona. Muuzaji asiyeruhusu kipimo hicho asiingie kwenye zabuni. Seneti zitakazoona masharti haya ni mazito mno zina njia nyingine, ya kutonunua kabisa, na haitakuwa aibu: OpenAI, waliotengeneza ChatGPT yenyewe, walizindua kitambuzi chao Januari 2023 kikiwa kinanasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo.