Uso wa Kompyuta ni Mali ya Nani?

Simama Nyegezi jioni moja uzitazame Hiace zinazokwenda Buhongwa. Gari limeundwa Japani, lakini kioo cha nyuma kina methali, jina la timu au dua ya mwenye gari. Hakuna aliyeandika barua Japani kuomba ruhusa. Kompyuta je?

Wengi wetu tulijifunzia kompyuta kwenye steshenari za mtaani. Ujuzi wetu ulikuwa kubadili picha ya nyuma: leo Jiwe la Bismarck, kesho mchezaji wa Simba. Tukadhani tumeipamba, kumbe tulikuwa wapangaji waliobandika kalenda. Ukuta wenyewe hatukuruhusiwa kuugusa.

Habari ya kugusa ukuta ilianzia mbali. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Ufini, Linus Torvalds, alitoa Linux, kiini cha mfumo ambao yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Ujerumani, akawaita wenzake waujengee uso wenye madirisha na vitufe vinavyofanana. Ndiyo KDE. Lakini KDE iliegemea programu ambayo wakati ule haikuwa huru kamili, hivyo Agosti 1997 Wameksiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME.

Sasa sikia kisa. Mwaka 2011 GNOME ilitoa toleo la tatu, menyu tulizozizoea zikaondolewa. Watu wakanuna. Torvalds mwenyewe akahamia kwa muda kwenye uso mwingine, Xfce. Mtumiaji mmoja wa Argentina hakuishia kunung'unika: alichukua toleo la pili, akaliendeleza, akaliita MATE, jina la kinywaji cha kwao. Yaani mwenye nyumba kabomoa, mpangaji kajenga ile ile, na leseni inamlinda!

Na sisi hatukukaa kutazama tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Uswidi, kiliendesha mradi wa Kilinux. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice: programu za ofisi ambazo menyu zake zinasema Kiswahili. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo ione kama Waswahili wana faida. Mlango ulikuwa wazi, wakaingia.

Nayasema haya kwa sababu hadithi yangu ya kwanza niliichapa kwenye kompyuta ya watu, na karibu kila neno likapigwa mstari mwekundu, kana kwamba Kiswahili chote ni kosa. Nilinyamaza, nikadhani ndivyo mashine zilivyo. Sivyo bwana. Kamusi huru ya kukagua tahajia ya Kiswahili ipo, na yenye upungufu unaruhusiwa kuiongezea.

Rangi na picha ni pambo la nje. Pambo la ndani ni lugha, na hilo ni kazi yetu sisi tunaoandika. Konda wa Buhongwa alishalijua zamani: chombo ukishakitia maneno yako, ni chako.