Shiraa na Buibui

Msomaji, upitapo vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, fikiri jinsi bibi wa kiungwana alivyotembea humo katika karne ya 19. Alikwenda ndani ya shiraa, yaani hema la nguo lililochukuliwa na watumwa, asionekane wala asiguswe na mtu. Mjakazi alipita njia hiyo hiyo uso wazi, wala hapakuwa na wa kumsitiri. Wanaosimulia fahari ya shiraa humsahau huyu. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku katika pwani hii, na wachukuzi wakapungua. Ndipo buibui lilipoenea. Mabibi walilivaa, na waliokuwa wajakazi wao wakalivaa vile vile, hata njiani isiweze kujulikana yupi ni yupi.