Nati za Land Rover ya baba

Kwa siku tatu nilishinda chini ya Land Rover ya baba nikigombana na bolti moja. Gari lenyewe ni 109 ya miaka ya sitini, limelala uani kwetu Pangani, karibu kabisa na bahari, tangu nikiwa darasa la tano. Mnunuzi wa chuma chakavu alishakuja na bei yake ya kilo. Kaka yangu mkubwa alishakubali. Mimi niliomba wiki moja tu: likitoka getini kwa moto wake, linabaki, lisipotoka, liende mizani. Baba hakusema kitu. Alikaa barazani na kahawa yake, akitutazama.

Bolti lenyewe ni lile linaloshika springi ya nyuma kwenye chasisi. Nikaingiza spana, nikavuta, likazunguka kama robo hivi. Nikashangilia! Nikaachia, likarudi lilikotoka. Fundi, mzee aliyeshika spana kabla mimi sijazaliwa, akacheka. "Hujafungua kitu, mwanangu. Umesokota mpira." Bolti linapita ndani ya kibomba cha chuma, na kibomba kimevikwa mpira. Kutu ikishaunganisha bolti na kibomba, vinakuwa kitu kimoja, na unachozungusha ni mpira tu.

Jioni, mikono ikinuka mafuta ya taa, nikaanza kusoma. Ndiyo tabia yetu waandishi, kazi ikitushinda kwa mikono tunakimbilia vitabu.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, ndipo Rover wakalivika gari bodi la alumini. Sasa, alumini ukiifunga kwa bolti la chuma, kisha ukaongeza maji ya chumvi, metali hizo mbili zinafanya kazi kama betri. Inayoliwa ni alumini, na unga mweupe unaotoka unabana bolti kama saruji. Pangani, kwa betri ya namna hiyo, haikosi chumvi.

Lakini kilichonikamata zaidi ni hadithi ya hesi, ile mikato inayouzunguka mwili wa bolti. Zamani kila karakana ilikata ya kwake, nati ya huku haiingii bolti la kule. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth akapendekeza kipimo kimoja, pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia naye akaja na chake, nyuzi 60. Kila upande ukashika lake, hadi Vita Kuu ya Pili ilipowalazimisha kutengenezeana silaha na nati zikagoma kukubaliana. Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada wakasaini Washington makubaliano ya hesi moja, nyuzi 60, kwa inchi. Mwaka uleule wa Land Rover! Ndiyo maana magari hayo ya zamani yana mchanganyiko: hapa hesi za kale, pale za makubaliano.

Kisha zikaja gari za Kijapani na milimita zake, na spana za gereji zetu zikafuata. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana namba 13 inaingia, ila inacheza. Ya 9/16 ni milimita 14.29: namba 14 haiingii, namba 15 inaparuza. Ukilazimisha, kona zinalika, nati inakuwa duara kama kitumbua.

Asubuhi nikarudi chini ya gari na tochi. Nati nyingi zilikuwa duara. Nyingine zilikuwa na alama za tindo, zimepigwa pembeni zizunguke kwa nyundo. Miaka yote nilikuwa nikisema baba alilitelekeza gari hili. Alama zile zilikuwa za mtu asiye na spana sahihi, katika miaka ya themanini ambayo spea zilikuwa hazipatikani, na hakuacha.

Fundi hakuwa na haraka. Brashi ya waya kwanza, mafuta, usiku mzima. Kisha nyundo, kugonga kichwa cha bolti ili kutu ipasuke. Kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Hapo nilidhani anatania. Nati sugu alizipiga moto wa gesi, tangi tukiwa tumeshalitoa: nati inatanuka kabla joto halijafika ndani ya bolti, unapata upenyo wa sekunde chache. Nane zikatoka hivyo. La springi halikutoka. Pale moto ungeunguza mpira tu, kwa hiyo tukalikata kwa msumeno wa chuma, zamu kwa zamu, saa mbili na nusu.

Springi ilipoanguka chini baba akanyanyuka barazani, mara ya kwanza wiki ile. Akainama, akaiangalia nati ya kushoto yenye alama za tindo.

"Hii niliipiga mwaka 84," akasema. "Springi ilikatika njiani kwenda Tanga. Nikaifungua hivyo hivyo, nikafunga kipande cha mkoko, tukaendelea. Mama yenu yuko nyuma, uchungu umemshika."

Kaka, mtoto wa mwaka 84, alikuwa amesimama getini, simu ya mnunuzi bado iko sikioni.