Neno la Kwanza la Shahidi: Habari za Kesi za Unyang'anyi katika Mahakama za Mombasa



Katika mkutano wetu mkuu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu la kutosha. Alisema: "Mnyang'anyi hukamatwa, hupelekwa kortini, na baada ya miezi kadhaa twamwona akipita barabarani mikono mitupu. Je, sheria imelala?" Halmashauri iliniagiza mimi, karani wake, nilitafute jibu na kuliandika katika taarifa hii ya mwaka. Nimeona kwamba jibu haliwezi kufahamika bila kurudi nyuma kidogo, kwa sababu sheria hii ina historia ndefu, na sisi mashahidi tumo ndani ya historia hiyo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mwizi huchukua mali ya mtu bila idhini yake. Mnyang'anyi huichukua kwa nguvu au kwa kutisha kwamba atatumia nguvu. Waingereza walipoweka mahakama zao katika himaya hii mwaka 1897, sheria ya adhabu waliyoitumia ilikuwa ile ya Uhindi. Mwaka 1930 Kenya ikapata Kanuni ya Adhabu yake yenyewe, na hiyo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo inayotumika mpaka leo. Unyang'anyi umeelezwa humo katika kifungu cha 295, na adhabu yake katika kifungu cha 296. Unyang'anyi wa kawaida adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 14. Lakini upo ule wa mabavu, nao hutambulikana kwa dalili tatu: mshtakiwa alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au alimpiga au kumjeruhi mtu wakati wa tendo lile, au mara tu kabla yake au baada yake. Dalili moja peke yake yatosha.

Mwaka 1971 Bunge liliamuru kwamba mwenye kupatikana na hatia ya unyang'anyi wa mabavu ahukumiwe kifo. Nia ilikuwa kuwatisha wahalifu. Lakini wanachama na waangalie matokeo yake. Vijana wawili wasio na silaha, wakimsukuma mtu na kumnyang'anya simu, waweza kushtakiwa kwa kifungu kile kile cha genge lililovunja nyumba kwa bunduki. Tena, kesi ya mauaji ilisikizwa na Jaji wa Mahakama Kuu, na serikali ikamlipia mshtakiwa wakili. Bali kesi ya unyang'anyi wa mabavu ilisikizwa na hakimu katika mahakama ya chini, na maskini wengi walijitetea wenyewe, hali kichwa chake ki hatarini. Katiba ya mwaka 2010 ililegeza jambo hilo. Sasa mshtakiwa aweza kuomba dhamana, isipokuwa pana sababu ya lazima ya kumnyima. Na aweza kupewa wakili wa serikali ikiwa bila wakili atadhulumika sana.

Je, ukali wa mwaka 1971 ulitimizwa? Mtu wa mwisho kunyongwa katika Kenya alinyongwa mwaka 1987. Mwezi wa Agosti 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, na mwezi wa Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawafanyia hivyo wafungwa 2,747. Mahakama nazo ziligeuka kama tanga katika upepo wa matlai. Mwezi wa Julai 2010 Mahakama ya Rufaa, ikikaa hapa Mombasa, ilisema katika kesi ya mauaji kwamba si haki kumfunga jaji mikono asiwe na adhabu nyingine ila kifo. Mwaka 2013 Mahakama hiyo hiyo, ikikaa na majaji watano katika kesi ya unyang'anyi, ikakataa maneno hayo. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikaamua kwamba kifo cha lazima kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Wanyang'anyi wengi waliofungwa wakarudi kortini kuomba adhabu zao zitazamwe upya. Lakini mwezi wa Julai 2021 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu, na kwamba wenye kupinga adhabu ya unyang'anyi walete kesi yao mbali.

Nimeyaeleza hayo ili ionekane kwamba kwa miaka mingi tumebishana juu ya mwisho wa kesi, yaani adhabu, na tumesahau mwanzo wake. Mzee aliyeuliza swali hakuuliza kwa nini mnyang'anyi hanyongwi. Aliuliza kwa nini anaachiliwa. Na jibu la hilo mara nyingi liko katika siku ya kwanza.

Mwaka 1952 Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki ilisema jambo ambalo mahakimu wetu hulitaja hata leo: kwamba ripoti ya kwanza ambayo shahidi humpa mtu mwenye mamlaka ni kipimo kizuri cha ukweli wake, kwa kuwa hutolewa kumbukumbu ikiwa mbichi, kabla maneno hayajatiwa nakshi. Mwaka uliofuata, 1953, Mahakama hiyo ikaonya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mhalifu katika hali ngumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Basi hakimu huuliza: Taa ilikuwa wapi, na ilikuwa na nguvu gani? Mlikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulimjua tangu zamani? Na ikiwa ulimjua, mbona hukutaja jina lake polisi? Ikiwa hukumjua, je, ulieleza umbo lake kabla ya kwenda kwenye gwaride la utambuzi, ambapo mshtakiwa husimamishwa kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye?

Nitatoa mfano. Mwanachama wetu mmoja alivamiwa usiku na watu watatu wenye mapanga, wakamnyang'anya fedha na kumkata mkono. Alfajiri alikwenda polisi, na katika Kitabu cha Matukio ikaandikwa kwamba hakumtambua hata mmoja. Baada ya majuma matatu, maneno ya mtaani yakiwa yamezunguka, alimtaja kijana wa jirani yake. Halmashauri ilinituma nihudhurie kesi. Mwanachama alisema kwa uchungu, na kovu lake kila mtu aliliona. Lakini wakili aliomba kitabu kile kisomwe. Kikasomwa, na chumba kizima kikanyamaza. Hakimu alimwachilia kijana. Nje ya korti watu walipiga kelele kwamba hakimu amekula rushwa. Mimi niliyekuwa ndani sikuona rushwa. Niliona mistari miwili iliyoandikwa alfajiri. Kama kijana yule alikuwa mmoja wa wale watatu au sivyo, mimi sijui, wala hakimu hakujua, na hiyo ndiyo sababu aliachiliwa. Nyumba mbili zile hazijasalimiana mpaka leo.

Iko njia nyingine ambayo kesi huthibitika kwayo, nayo ni mali. Mshtakiwa akipatikana na mali iliyonyang'anywa siku chache tu zilizopita, na asiweze kueleza aliipataje, mahakama yaweza kuamua kwamba yeye ndiye mnyang'anyi. Lakini lazima mwenye mali athibitishe kwamba ni yake: kwa stakabadhi ya dukani, kwa namba ya simu au ya baiskeli, au kwa alama anayoijua. Wangapi kati yetu huweka stakabadhi?

Hata hukumu ikitolewa, kesi yaweza kuendelea. Aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, ambayo huupima upya ushahidi wote; na kutoka hapo aweza kwenda Mahakama ya Rufaa kwa jambo la sheria tu. Kila ngazi husoma maneno yale yale yaliyosemwa chini. Kosa la siku ya kwanza hupanda ngazi pamoja na kesi.

Kwa hiyo, wazee wangu, Halmashauri yatoa shauri hili. Mwanachama akinyang'anywa, mmoja wetu afuatane naye polisi siku ile ile, si kwa kumfundisha la kusema, bali kumtuliza akumbuke. Aseme yote aliyoyaona, na asiyoyaona aseme hakuyaona. Akimjua mtu, amtaje hapo hapo. Aombe namba ya ripoti yake katika Kitabu cha Matukio na kuihifadhi. Siku ya kesi ikifika, mashahidi waende, hata ikiahirishwa mara nyingi, kwa kuwa kesi isiyo na shahidi huanguka yenyewe. Na tusikubali kamwe umati kumpiga wala kumchoma moto mtu aliyeshikwa. Hasira hasara: aliyekufa hawezi kutaja wenzake, wala hawezi kuonyesha mali iliko, na huenda akawa si yeye.

Tena tukumbuke kwamba anayesimama kizimbani naye ni mtoto wa mtu, na pengine ni mtoto wa mmoja wetu. Maneno yale ya kwanza yakiwa ya kweli humlinda aliyenyang'anywa, na humlinda pia asiye na hatia. Sheria haikulala, mzee wangu. Yangoja tuiambie kweli mapema.