Maisha Marefu ya Akaunti Iliyofungwa

Mwaka 1837 mtikisiko wa uchumi uliikumba Marekani, na biashara ya hariri ya ndugu wawili wa New York, Arthur na Lewis Tappan, ikaanguka pamoja na nyingine nyingi. Udhaifu wao ulikuwa wa wauzaji wa jumla wote wa enzi hiyo: kuwapa wenye maduka wa mikoani mali kauli bila kujua wanampa nani. Mwaka 1841 Lewis alifungua Mercantile Agency, ofisi ya kuuza habari za aina moja tu: nani anakopesheka.

Mawakala wake waliandika kutoka kila pembe ya nchi. Wengi walikuwa mawakili, na Abraham Lincoln wa Illinois alipata kuwa mmoja wao. Barua zilipofika, makarani walizinakili katika madaftari makubwa: mtaji wa fulani, tabia yake, kama anakunywa, kama mkewe ana mali. Mteja hakupewa karatasi. Alisimama kaunta, akasomewa, akarudi dukani na alichokumbuka. Madaftari zaidi ya 2,500 ya kampuni hiyo, iliyokuja kuitwa R. G. Dun, yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard, na ndani yake biashara zilizokufa zamani bado zina hukumu zake. Duka likifungwa, ukurasa haukuchanwa. Jambo linalowashangaza wenye kadi za mkopo hadi leo limeanzia hapo: kufunga akaunti si kuifuta.

Hao walikuwa wafanyabiashara. Habari za wanunuzi wa kawaida zilikusanywa na ofisi za mijini, ikiwamo Retail Credit Company, iliyoanzishwa Atlanta mwaka 1899 na ndugu Cator na Guy Woolford. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa na mamilioni ya mafaili, na humo ulikuwamo hata umbea wa majirani kuhusu ndoa na ulevi. Ilipotaka kuyaingiza kwenye kompyuta, Bunge lilishtuka. Sheria ya 1970 ilimpa mwananchi haki ya kujua anachoandikiwa, ikayawekea mabaya kikomo: kuchelewa kulipa kufutwe baada ya miaka 7, kufilisika baada ya 14, ambayo baadaye ikapunguzwa kuwa 10. Kampuni yenyewe ilibadili jina mwaka 1975, ikawa Equifax. Kuhusu mazuri, sheria ilinyamaza. Akaunti iliyolipwa vizuri kisha ikafungwa ingeweza kukaa milele au kuondolewa kesho. Ofisi za taarifa za mikopo ndizo zilizojiwekea desturi ya kuiacha hadi miaka 10.

Wanawake waliuonja uchungu wa akaunti iliyofungwa kabla ya alama za kupima wakopaji kuenea. Mwanamke aliyekuwa na akaunti yake dukani aliolewa, duka likaifunga au likaihamishia jina la mume. Hata kama yeye ndiye aliyelipa kwa mshahara wake, sifa iliandikwa kwenye faili la bwana. Akiachika au akifiwa, aliingia benki akaambiwa hana historia. Sheria ya usawa katika mikopo ya 1974 ilipiga marufuku ubaguzi wa jinsia na hali ya ndoa, na kuanzia 1977 kanuni zake zikataka akaunti ya wanandoa iandikwe kwa majina yote mawili. Kwangu mimi, hiki ndicho kipande kizito kuliko vyote katika historia hii, maana faili lilikuwa linapima jina lililoandikwa juu yake kabla ya kupima malipo.

Kadi za mkopo nazo, hata kabla ya sheria hizo, zilikuwa zimeshamwagwa mitaani. Septemba 1958 Bank of America iliwatumia watu wa Fresno, California, kadi 60,000 ambazo hawakuziomba. Mwaka huohuo mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac waliwaandikia wakopeshaji 50 wakitaka kuwaonyesha hesabu ya alama itakayochukua nafasi ya maoni ya meneja kuhusu nani akopeshwe. Alijibu mmoja. Alama zao za FICO, kati ya 300 na 850, zilitoka mwaka 1989, na Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, yalipozipendekeza kwa mikopo hiyo mwaka 1995, zikawa hazikwepeki.

Katika hesabu hiyo, kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35, kiasi unachodaiwa 30, umri wa akaunti 15. Watu wengi huiogopa hiyo 15, wakidhani kwamba umri wa kadi ya zamani hupotea siku inapofungwa. Sivyo. FICO huendelea kuihesabu, na kuiongezea umri, maadamu ipo kwenye faili. VantageScore, alama shindani zilizoanzishwa mwaka 2006 na ofisi tatu kubwa za taarifa za mikopo, huweza kuziacha baadhi ya akaunti zilizofungwa. Hiyo ni sababu moja ya mtu kuona namba mbili tofauti.

Kidonda cha haraka kiko kwenye ile 30. Chukua mwenye kadi mbili, moja ya kikomo cha dola 8,000, nyingine ya dola 2,000, naye anadaiwa 1,000 kwenye ile ndogo. Anatumia asilimia 10 ya alichoruhusiwa. Akiifunga ile kubwa kwa kuwa haina kazi, deni halijaongezeka hata senti moja, lakini sasa anatumia asilimia 50. Ameadhibiwa kwa kujipunguzia nafasi ya kukopa, jambo ambalo mama yake angemsifia. Asiyedaiwa chochote kwenye kadi zake hatikisiki hapo. Na aliyeacha kulipa asitegemee kwamba kufunga kutamsafisha: ile miaka 7 huhesabiwa tangu aliposhindwa kulipa.

Mkenya au Mtanzania anayehamia Minneapolis hukutana na haya yote bila faili. TransUnion ipo Nairobi na ipo Chicago, ila mkopeshaji wa Marekani kwa kawaida husoma faili la Marekani tu. Basi huanza na kadi ya kuwekea dhamana, pengine yenye ada ya mwaka na kikomo cha dola mia chache, na akipata nzuri zaidi anatamani kuitupa ile ya kwanza. Wengi humshauri aibakize maisha. Naona wamepitiliza. Benki ikikubali kuibadilisha iwe kadi isiyo na ada kwa akaunti ileile, vizuri. Isipokubali, aifunge akishakuwa na kadi nyingine zenye kikomo cha kutosha, mradi si miezi michache kabla ya kuomba mkopo wa nyumba. Itamsemea kwa miaka mingine kama 10, na kufikia hapo zile mpya zitakuwa zimezeeka.